B.B. KING NA GITAA LINALOJIBU

Wenzangu, wengi wetu hudhani mwimbaji hodari jukwaani ni yule mwenye kelele nyingi. La hasha! B.B. King wa Marekani (1925–2015) hakuimba huku akipiga gitaa. Aliimba kidogo, akanyamaza, kisha gitaa lake, Lucille, likamjibu.

Mnamo 1970 alitumbuiza katika jela ya Cook County, Chicago. Sherifu alipotajwa, wafungwa walizomea. King alipoimba, wao hao wakashangilia. Mwaka wa 1974 alipiga Kinshasa, kabla ya pigano la Ali na Foreman.

Kwa maoni yangu, siri ni huko kunyamaza: msikilizaji hupata nafasi ya kuitikia. Basi sisi tunaoghani mashairi chamani, tusiyakimbize maneno. Mwenye pupa hadiriki kula tamu!