Hadhari ya Kufuta Lenzi

Uingiapo msimu wa harusi katika miji yetu ya pwani, na mpigapicha akawa hapati wasaa wa kuketi tangu asubuhi ya nikaha hata usiku wa kumtoa bibi harusi, liko tendo moja alifanyalo mara kwa mara pasipo kulifikiri: huiinamia kamera yake, huipulizia lenzi pumzi ya kinywa, kisha hushika pindo la shati na kukizungushia kioo kwa kidole gumba mpaka king'ae. Mwulize afanya nini, naye atajibu kwamba anaitunza lenzi yake, na jawabu hilo halina hila hata kidogo. Walakini lenzi hiyo hiyo ikifikishwa kwa fundi, naye akaiinamisha chini ya taa yake na kuitazama upande upande, aghalabu ataona mistari myembamba kama nywele iendayo kwa duara; nayo si athari ya kuanguka wala ya dhoruba ya mchanga, bali ni njia kiliyoipita kidole gumba.

Ili tulifahamu jambo hili hatuna budi kukirejea kipimo cha ugumu wa madini alichokipanga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kianziacho na ulanga katika daraja ya 1 na kukoma kwa almasi katika daraja ya 10. Kioo cha lenzi aghalabu huwa baina ya 5 na 6, ilhali kwatzi, ambayo ndiyo iliyojaa katika mchanga wa bara na katika vumbi la barabara zetu za udongo, hufikia 7. Pamba ya shati haina uwezo wa kukikwaruza kioo, wala maikrofaiba haina. Lakini punje moja ya kwatzi iliyojificha katika nyuzi, ikishagandamizwa na kidole, hukilima kioo kama jembe lilimavyo tifutifu. Na hapa yafaa niseme neno ambalo wageni wengi hawalitarajii: mchanga mweupe wa Paje na Nungwi, ambao huwatia hofu kwa sababu wauona kila mahali, sehemu yake kubwa ni chokaa ya matumbawe na makombe, nayo ni laini kuliko kioo, ijapokuwa haukosi kuchanganyika na punje nyingine zilizo ngumu. Vumbi jekundu alilokuja nalo mtu ndani ya mkoba wake kutoka safari ya mbugani ndilo la kuogopwa zaidi.

Fauka ya hayo, kitu cha kwanza kuguswa na punje hiyo si kioo chenyewe, bali ni utando ambao lenzi za zamani hazikuwa nao. Akina Gomes, waliofungua studio yao ya picha Unguja mwaka 1868, walifanya kazi kwa lenzi za vioo vitupu, na hata Ranchhod Oza alipoianzisha Capital Art Studio hapo Mji Mkongwe mwaka 1930 hali ilikuwa ni hiyo. Kila uso wa kioo kitupu hurudisha nyuma kadiri ya asilimia 4 ya nuru iufikiayo, jambo ambalo katika lenzi yenye vioo vingi huwa ni hasara kubwa na huifanya picha kupauka. Mwingereza Dennis Taylor alikuwa amekwisha kutambua, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba lenzi kuukuu zilizopata kutu ya uso zilipitisha nuru nyingi kuliko zilizo mpya. Na mwaka 1935 Alexander Smakula, katika kiwanda cha Zeiss huko Jena, akavumbua njia ya kukivika kioo utando wa makusudi. Utando huo, ambao leo huonekana kwa rangi ya zambarau au ya kijani lenzi ikipigwa na taa, unene wa tabaka yake hukaribia sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Huo ndio unaosuguliwa kwa pindo la shati.

Maadamu ni hivyo, kufuta na kuwe kitendo cha mwisho. Kwanza ielekeze lenzi chini na kuipulizia upepo kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa kinywa, kwani kinywa hurusha mate; kisha upitishe brashi ya manyoya laini isiyoguswa kwa vidole; na ikiwa bado pana alama ya mafuta, hapo ndipo kitambaa safi kitumike, kikiwa kimetiwa tone la dawa ya lenzi yenye spiriti. Dawa itiwe kitambaani wala isitiwe juu ya kioo, isije ikapenya ukingoni na kuingia ndani. Nasi watu wa pwani tuna shuruti yetu ya ziada: upepo wa kusi ukichafua bahari, rasharasha hukauka juu ya lenzi na kuwa chumvi, na chumvi haiyeyuki katika spiriti. Basi iondolewe kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi kidogo, ndipo spiriti ifuate kuondoa mafuta.

Kuhusu filta ya kinga, nionavyo mimi ni vazi la ufukweni na la vumbini tu. Usiku, mbele ya taa kali, huzaa vivuli vya nuru visivyokuwapo, na heri kuivua. Hudi, ile kofia ivishwayo mbele ya lenzi, naipenda zaidi, kwa kuwa hupokea pigo la ukuta na la kiwiko cha mtu bila ya kuingia baina ya kioo na kinachopigwa picha. Wala asidhani mtu kwamba usalama ni kuifungia lenzi ndani ya mkoba wa ngozi masika yote, maana unyevu huotesha kuvu, na kuvu hutoa asidi ilayo utando kwa namna ambayo kitambaa hakiwezi kuiponya.

Na aliyekwisha kupatwa na mkwaruzo asitaharuki. Mstari mwembamba wa kioo cha mbele hauonekani pichani, kwa kuwa uko karibu mno na lenzi haiwezi kuulenga. Utaiona athari yake pale jua au taa ikikuelekea, nuru itawanyikapo na weusi kupauka. Mkwaruzo wa kina, wako wanaoujaza wino mweusi ili usitawanye nuru, na hila hiyo ni ya kweli. Wa kioo cha nyuma ndio wenye madhara zaidi. Lakini akija mtu akikushauri uisugue lenzi kwa dawa ya meno, usikubali: dawa hiyo ina unga wa kusugulia, nao utaondoa utando uliobaki na kukuachia kioo kilichoharibika kote badala ya mstari mmoja.