Nusukaputi isiwe kitisho kwa mama mjamzito

Jioni moja nilipokuwa safarini kutoka kituo cha Kencom, katikati ya jiji la Nairobi, kuelekea Kawangware, nilisikia mazungumzo ya akina mama wawili walioketi mbele yangu. Mmoja wao, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia, alimweleza mwenzake kwamba daktari amemwambia huenda akazaa kwa upasuaji. "Kisu sikiogopi sana, dada yangu," alisema, "lakini hiyo nusukaputi siitaki. Wanasema humaliza kinga yote ya mwili, na baada ya hapo kila ugonjwa ni wako." Gari lilipofika Hurlingham, mama yule alikuwa amekwisha kuapa kwamba hatatia sahihi fomu yoyote.

Maneno hayo yalinikosesha raha kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Uongo mtupu hupingwa kwa urahisi. Kigumu kukipinga ni ukweli uliotiwa chumvi.

Mwili wa binadamu hulindwa na chembe nyeupe za damu. Zipo zinazomeza viini vya maradhi, zipo zinazoua chembe zilizoingiliwa na virusi, na zipo zinazotoa amri ili nyingine zitende kazi. Mwanamke apatapo mimba, jeshi hili hukabiliwa na fumbo: mtoto aliye tumboni amebeba nusu ya urithi wa baba yake, na kwa hiyo kwa mwili wa mama yeye ni nusu mgeni. Mwaka 1953 mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar aliuliza ni kwa nini mgeni huyo hafukuzwi. Tangu hapo imebainika kwamba kinga ya mama hailali, bali hujipanga upya. Katika miezi mitatu ya kwanza, takriban asilimia 70 ya chembe nyeupe zilizo kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ni za jamii ambayo kwingineko mwilini kazi yake ni kuua. Hapo, badala ya kuua, husaidia kuipanua mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma. Hata hivyo, mpango huo una gharama yake, kwani mja mzito huweza kulemewa na malaria au mafua makali kuliko mwanamke asiye na mimba.

Nusukaputi humkuta mama katika hali hiyo. Uchunguzi mwingi wa maabara umeonyesha kwamba dawa za kuvuta kwa pumzi, kama vile halotheni iliyotumika kwa miaka mingi, hupunguza kwa muda nguvu za chembe zinazoua na uwezo wa chembe nyingine kumeza bakteria. Mofini pia ina athari ya namna hiyo. Propofoli, ambayo hudungwa mshipani, huonekana kuwa na athari ndogo zaidi. Lakini neno la kushikwa hapa ni "kwa muda". Athari hizo aghalabu hudumu saa kadhaa au siku chache, kisha chembe hurudia kazi yake. Kinga haifutwi.

Tena, nusukaputi si mtuhumiwa wa pekee. Mwili unapopasuliwa, neva hupeleka habari kwenye ubongo, na homoni kama kortisoli humwagwa katika damu. Homoni hiyo nayo huipunguza kasi kinga. Ongeza damu inayopotea, baridi ya chumba cha upasuaji na hofu ya mgonjwa, utaona kwamba mzigo una wabebaji wengi. Hii ni sababu mojawapo ya wataalamu kuona faida katika sindano ya ganzi ya mgongoni: habari za maumivu huzuiwa njiani, na msukosuko wa homoni hupungua.

Hapa wanafunzi wana somo la kujifunza. Tukiona kwamba akina mama waliolazwa kwa nusukaputi walipata vidonda vyenye usaha kuliko waliopigwa ganzi, tusiharakishe kuilaumu dawa. Wengi wa waliolazwa usingizi waliletwa mbiombio, wakivuja damu, au mtoto akiwa hatarini. Mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limelizaa jingine.

Historia nayo ina funzo. Mwaka 1847, mjini Edinburgh, daktari James Young Simpson alimpa etha mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa. Mwaka huohuo, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Usingizi wa dawa na usafi wa mikono viliingia katika wodi za uzazi mwaka mmoja. Mama mwenye kidonda kibichi hulindwa zaidi na huo wa pili.

Kwa maoni yangu, basi, mama yule wa Kawangware hahitaji kukemewa. Anahitaji mambo matatu. Kwanza, aelezwe mapema kliniki, kwa lugha anayoielewa, kwamba siku hizi ganzi ya mgongoni ndiyo hupendelewa, ila damu inapovuja kwa wingi, inapokataa kuganda, au dakika zinapokwisha, nusukaputi huokoa maisha mawili. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na haki isiyoelezwa ni nusu haki. Pili, apewe kiuavijasumu kabla ngozi haijapasuliwa, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2015, na awepo mtaalamu wa dawa za usingizi aliyefunzwa barabara. Tatu, afuatwe hadi nyumbani. Siku ambazo kinga yake imelegea ndizo anazorudi kwenye chumba kimoja Kangemi au Kawangware, ambako maji hununuliwa kwa mtungi. Aambiwe kinaga ubaga: joto jingi, usaha, harufu mbaya au maumivu yanayozidi ni dalili za kurudi hospitalini siku iyo hiyo. Mficha uchi hazai, na mficha kidonda haponi.

Walimu wana sehemu yao. Hospitali ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, na mafunzo ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza mwaka 1967. Elimu hii imekuwapo karibu nasi kwa miaka mingi, ila haijapanda matatu. Mwanafunzi wa bayolojia anayeweza kuchora chembe nyeupe ubaoni aulizwe pia: mama yako akiambiwa atie sahihi fomu ya upasuaji, utamweleza nini? Akiweza kujibu swali hilo jioni, mezani kwao, atakuwa ameisoma bayolojia.