Asili na Maana ya Jina Spatula hottentota

Wengi hudhani kwamba majina ya kitaalamu ya viumbe, kwa kuwa yameundwa kwa Kilatini na Kigiriki, hayaelemei upande wowote. Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kulitazama jina la bata mmoja mdogo, mwenye utosi wa kahawia iliyokoza na mdomo wa buluu, ambaye nchini Kenya huonekana katika maziwa kama Naivasha na Nakuru.

Bata huyo huitwa Spatula hottentota. Neno la kwanza, ambalo ni la jenasi, ni la Kilatini na maana yake ni kijiko. Limetokana na umbo la mdomo wa bata wengine wa jenasi hiyo. Neno la pili lilitolewa na Mwingereza Thomas Campbell Eyton mwaka 1838. Neno hili halisemi lolote juu ya rangi, sauti wala mwendo wa ndege, linataja watu. "Hottentot" ndivyo Waholanzi waliofika Rasi ya Tumaini Jema katika karne ya 17 walivyowaita Wakhoikhoi, na wataalamu wengi huona kwamba walikuwa wakiyaigiza matamshi ya lugha yenye vidoko. Wenyewe walijiita Khoikhoi, yaani watu hasa. Hivyo jina la dhihaka likahamishiwa kwa ndege, na likamfuata hata Kenya.

Wakazi wa Nairobi si wageni wa jambo hili. Wanubi, waliokuwa askari wa jeshi la Kiingereza, walipokaa pembeni mwa mji mwanzoni mwa karne ya 20, waliyaita makao yao Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Maandishi ya serikali yakaeneza Kibera. Mwaka 2013 jimbo la uchaguzi la mahali hapo lilipigiwa kura kwa jina la Kibra. Tofauti ni irabu moja tu, lakini ndani yake mna swali zito: ni nani mwenye haki ya kutaja?

Kanuni za majina ya wanyama hulipa nguvu jina halali lililotangulia, wala ubaya wa maana hautoshi kulibatilisha. Wataalamu wa mimea wamechukua njia nyingine. Katika mkutano wao wa Madrid mwaka 2024, walikubali kwamba caffra, neno lenye asili moja na "kafiri" yetu, ambalo Afrika Kusini lilikuwa tusi kwa watu weusi, ligeuzwe kuwa affra, yaani la Afrika. Majina zaidi ya 200 yaliguswa. Basi kanuni zimetungwa na watu, na watu wanaweza kuzitengeneza.

Mwalimu wa Kibera au Kawangware afanyeje anapokutana na jina hili darasani? Hana budi kulifundisha, maana ndilo linaloeleweka na wataalamu duniani kote. Lakini yafaa awaeleze wanafunzi limetoka wapi, wasije wakadhani kwamba Kilatini hutakasa kila neno. Katika Kiswahili tungeweza kumwita bata mdomo-buluu, kama orodha za Kiingereza za siku hizi zilivyoanza kumwita. Jina hilo lina faida moja kubwa: amwonaye ndege ataujua ukweli wake mara moja, wala hakuna mtu atakayetukanwa.