Kabla ya kipyenga: dakika 25 za kupasha misuli

Leo naiacha siasa na bei ya sukari, nakwenda uwanjani. Wala si kule kwa Simba na Yanga, bali uwanja wa shule ya sekondari, ule wenye mchanga upande mmoja na majani upande wa pili.

Mwalimu mmoja wa michezo kutoka Temeke ameniletea ujumbe. Anasema ana vijana 18, mipira miwili, na mechi kila Jumamosi saa 10 alasiri. Msimu huu timu yake imefungwa mara tatu ndani ya dakika kumi za mwanzo, na vijana wawili wako nje kwa maumivu ya misuli ya nyuma ya paja. Swali lake ni fupi: "Kabla ya mechi niwazungushe uwanja mara ngapi?"

Mwalimu wangu, idadi ya mizunguko si hoja. Hoja ni saa. Chukua karatasi, andika chini kabisa "saa 10:00, mpira unaanza", kisha hesabu kurudi nyuma hadi dakika ambayo kijana wa kwanza atainua mguu. Ukishafanya hivyo utaona kwamba nafasi uliyo nayo ni ndogo, na kila dakika yake ina kazi.

Lakini kwanza tuelewane maana ya jambo lenyewe. Wapiga ngoma wa kwetu hawaipigi ngoma ya ngozi kabla ya kuiweka karibu na moto. Ngozi ikiwa baridi imelegea, na sauti yake ni ya kukoroma. Misuli nayo haiko mbali na hapo. Msuli wa paja uliopumzika huwa na joto la kama nyuzi 35 hivi, na mtu akitembeza mwili kwa dakika kumi au kumi na tano joto hilo hupanda kufikia nyuzi 38. Msuli wenye joto hujikunja na kujikunjua upesi zaidi, na amri za ubongo huufikia haraka zaidi. Moyo na mapafu navyo huwa vimekwisha kushika kasi kabla ya kazi kubwa kuanza. Kijana ambaye hajapasha hufanya kazi hiyo yote ndani ya mechi, katika zile dakika kumi ambazo timu ya mwalimu wetu imekuwa ikifungwa.

Sisi tuliosoma sekondari miaka ya 1990 tulifundishwa njia moja tu. Mizunguko mitano ya uwanja, kisha mnakaa chini kwenye duara, miguu imenyooshwa mbele, mnashika vidole vya miguu huku nahodha anahesabu hadi thelathini. Tuliamini kwamba asiyejinyoosha lazima ataumia. Imani hiyo ilipimwa. Mwaka 2000 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa makuruta 1,538 wa jeshi. Wote walipasha miili, ila kundi moja lilinyoosha misuli ya miguu kabla ya mazoezi na jingine halikunyoosha. Baada ya wiki 12, makundi yote mawili yalikuwa yameumia karibu sawa. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba kuukamata msuli mmoja ukiwa umenyooshwa kwa zaidi ya dakika moja huupunguzia nguvu na kasi kwa muda. Sisemi kunyoosha ni dhambi. Sekunde chache hazidhuru, na wenye kupenda wanyooshe baada ya mechi, jioni, kwa raha zao. Nasema tu kwamba dakika kumi za kukaa chini kabla ya mpira ni dakika kumi za kupoa.

Sasa ni nini kimechukua nafasi yake? Mwaka 2006 wataalamu wa tiba wa FIFA, pamoja na wenzao wa Oslo na wa California, walitengeneza utaratibu unaoitwa FIFA 11+. Una mazoezi 15 katika sehemu tatu, na wote huchukua kama dakika 20. Sehemu ya kwanza ni kukimbia polepole kwa dakika nane, huku nyonga zikifunguliwa na wachezaji wakisukumana mabega. Sehemu ya pili, dakika kumi, ni ya nguvu, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja. Sehemu ya tatu, dakika mbili, ni mbio za kasi na kugeuka ghafla. Hauhitaji mashine. Unahitaji koni chache, na pasipo koni, chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha.

Utaratibu huo ulijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Kwa waliofuata mpango, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Atakayesema hao ni Wazungu wenye viwanja vya zulia, nampeleka Lagos. Huko timu 20 za vijana wa miaka 14 hadi 19 zilifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yakaonyesha kwamba waliotumia mpango waliumia pungufu kwa asilimia 41 kuliko wenzao. Lagos si Oslo.

Hapa ndipo walimu wengi wenye nia njema wanapokosea njia, na naomba nisikilizwe vizuri. Ile sehemu ya pili, ya nguvu na kuruka, si ya siku ya mechi. Waliotunga mpango wanasema wazi kwamba kabla ya mechi zifanywe mbio tu, yaani sehemu ya kwanza na ya tatu. Sehemu ya pili huchosha misuli, na faida yake hujengeka taratibu, wiki baada ya wiki. Kwa maneno mengine, goti la kijana halilindwi Jumamosi saa 9 na nusu. Linalindwa Jumanne na Alhamisi, mazoezini, angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Jumamosi ni kuliamsha tu. Mwalimu asiyefanya kazi ya Jumanne hawezi kuifidia Jumamosi kwa kuwarusha vijana kichura mbele ya mashabiki.

Kwa nini nalikazania goti? Kwa sababu timu ya shule haina daktari wala mtaalamu wa viungo. Ina mwalimu, ndoo ya maji na pengine barafu kutoka kwa mama muuza maji. Kano ya ndani ya goti ikikatika kwa kijana wa miaka 16, kipimo chake si cha bei ya mzazi wa kawaida, na upasuaji ndiyo usiseme. Wengi huishia kufungwa bandeji, wakachechemea, wakaacha mpira, na baadhi wakaacha hata kutembea kwenda shule ya mbali.

Basi turudi kwenye karatasi ya mwalimu. Mpira ni saa 10:00. Mwamuzi atataka kukagua njumu na kadi, timu zipange mstari, zipeane mikono. Hizo ni dakika kama kumi, kwa hiyo jasho la mwisho litoke saa 9:50. Ikipita robo saa nzima baina ya kupasha na kuanza, mmejisumbua bure, kwani joto huondoka. Kuanza ni saa 9:25. Na maneno ya mwalimu yawe kabla ya hapo, kivulini, dakika tano zinatosha. Nimeona makocha wanaowapasha vijana vizuri kabisa, kisha wanawakusanya na kuwahutubia robo saa kama wagombea ubunge. Vijana wanaingia uwanjani wamepoa kama chai iliyosahauliwa.

Saa 9:25, wachezaji 16 wa ndani wanajipanga wawili wawili. Weka safu mbili za chupa, chupa sita kila safu, hatua tano au sita baina ya moja na nyingine. Wanakimbia polepole wakisindikizana, mara ya kwanza moja kwa moja; kisha kwenye kila chupa wanasimama, wanainua goti na kulifungua nje; kisha wanalitoa nje na kulirudisha ndani; kisha wanazungukana; kisha wanaruka kidogo na kugusana mabega; mwisho wanakwenda mbele chupa mbili na kurudi nyuma moja, haraka. Kila zoezi mara mbili. Dakika nane zimekwisha. Kijana awe ameanza kutoa jasho jepesi na bado aweze kuzungumza. Akiwa anahema kwa mdomo wazi, umezidisha.

Na mipira miwili, je? Katika dakika hizo nane mipira yote ni ya walinda mlango wawili. Baada ya kukimbia kidogo, wao huanza kwa kurushiana mikononi, kisha chini, kisha juu, mwisho kwa mashuti ya karibu. Saa 9:33 mipira inahamia kwa wenzao. Gawa wale 16 makundi mawili ya wanane. Sita wanazunguka, wawili wako katikati wananyang'anya, na anayepoteza pasi anaingia kati. Dakika sita. Hapo akili nayo inapashwa, maana kijana lazima aangalie, aamue na kuwaita wenzake. Mwalimu asiwakataze kucheka.

Saa 9:39 maji, mafunda mawili matatu. Saa 9:40 kila mtu anafanya kazi ya nafasi yake. Mpira mmoja uende pembeni, krosi zipigwe, washambuliaji wamalizie, golikipa adake. Mpira wa pili ni wa mabeki na viungo, wapige vichwa na pasi ndefu. Naomba sana msiwapange vijana 16 kwenye foleni moja ya kupiga golini. Kila mmoja hupiga mara mbili, husubiri dakika tatu, na mpira wa tatu huenda kwa jirani mwenye mbwa.

Saa 9:46 ni kasi. Mbio mbili za kuvuka uwanja kwa nguvu ya robo tatu hivi, mbili za kukimbia na kukata kona ghafla, kisha tatu za hatua ishirini kwa nguvu zote, wakirudi kwa kutembea. Hii ndiyo sehemu inayorukwa na wengi, nami naona ndiyo inayoeleza misuli ya paja ya vijana wa Temeke. Mara nyingi msuli huo huchanika katika mbio kali. Kijana ambaye mbio yake ya kwanza ya nguvu zote ni ile ya kumkimbiza winga dakika ya nne, anaujaribu msuli wake mbele ya watu.

Hali ya hewa nayo ina lake. Mwezi Januari Dar es Salaam, jua la saa 9 likiwaka, punguza hadi dakika 15 au 18, fanyieni kivulini kama kipo, ongeza maji. Msiache kabisa, maana joto la ngozi si joto la msuli. Kule Njombe au Makete mwezi Juni, ongeza dakika tano na vijana wasivue masweta mpaka mwamuzi awaite.

Kuna wakati mwingine unaosahauliwa: mapumziko. Watafiti wa Denmark mwaka 2004 walionyesha kwamba mchezaji akikaa tu wakati wa mapumziko, joto la misuli yake hushuka kama nyuzi mbili na kasi yake hupungua mwanzoni mwa kipindi cha pili. Waliokimbia kidogo kabla ya kurudi hawakupoteza. Kwa hiyo dakika tatu za mwisho za mapumziko, wainuke.

La mwisho ni kazi ya mwalimu mwenyewe katika dakika hizo 25. Asiongoze yeye, amwachie nahodha karatasi, yeye asimame pembeni atazame miguu. Mwaka jana nilisimama karibu na mwalimu mmoja anayefanya hivyo. Alimwita kijana wake, mfungaji wa timu, akamuuliza, "Goti vipi?"

"Shwari, mwalimu."

"Mbona unageukia kulia tu?"

Kijana akanyamaza. Alikuwa ameumia Alhamisi na akaficha, kwa sababu alisikia kuna watu wa timu kubwa watakuja kutazama. Mwalimu akamvua jezi palepale, kijana akalia mbele ya wenzake, na jezi namba tisa akapewa mdogo wa kidato cha pili. Mdogo huyo aliweza kuingia bila wasiwasi kwa sababu moja tu: alikuwa amepasha na wenzake tangu saa 9:25, wala hakuwa amekaa benchi akila karanga. Kwa hiyo, mwalimu wa Temeke, wapashe wote 18.