Hati za safari ya nje kwa barabara

Hati za safari ya nje kwa barabara ni nyaraka zinazomwezesha msafiri kuvuka mipaka ya nchi akiwa na gari au pikipiki yake. Ziko za aina mbili: za mtu na za chombo. Maafisa wa uhamiaji humkagua msafiri, na wale wa forodha hukagua gari kama mali inayoweza kutozwa ushuru. Hivyo mtu anaweza kuruhusiwa kupita huku gari lake likizuiwa.

Kutoka Zanzibar

Eneo la Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar lilipata jina lake kutokana na forodha: hapo zamani bidhaa za meli zilitozwa ushuru. Leo ni bustani, na meli hutumia bandari ya Malindi iliyo karibu. Msafiri wa Unguja huanza kwa kuvuka bahari hadi Tanzania Bara. Magari ya Zanzibar yana usajili wake, na namba zake huanza na herufi Z. Kwa sababu hiyo masharti ya kulivusha gari huulizwa forodha kabla ya kulipakia melini.

Hati za msafiri

* Pasipoti: Tanzania ilizindua pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki mwaka 2018. Nchi nyingine hudai pia viza.
* Leseni ya udereva: baadhi ya nchi hutaka kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho huonyeshwa pamoja na leseni ya nyumbani.
* Cheti cha chanjo ya homa ya manjano: huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Tangu Julai 2016 hudumu maisha yote.

Hati za gari

* Kadi ya gari: ikiwa na jina la mtu mwingine, dereva huhitaji barua ya idhini ya mwenye gari.
* Bima: Kadi ya Njano ya COMESA hulipia madhara kwa watu wengine katika nchi zinazoshiriki. Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa COMESA.
* Kibali cha forodha cha muda: huruhusu gari la kigeni kukaa nchini kwa kipindi maalumu bila kulipiwa ushuru.
* Kitabu cha forodha, kwa Kifaransa Carnet de Passages en Douane: hutolewa na vyama vya wenye magari baada ya msafiri kuweka dhamana. Misri ni miongoni mwa nchi zinazokidai.

Muhuri wa kutoka

Kila ukurasa wa kitabu cha forodha una sehemu ya kuingia na ya kutoka. Muhuri wa kutoka ni ushahidi kwamba gari halikuuzwa nchini humo. Ukikosekana, nchi husika inaweza kudai ushuru wote, na msafiri akapoteza dhamana yake hata kama gari limesharudi nyumbani.