Sauti za Shamba na Chapa ya Mji: Kazi ya Mhariri na Lahaja za Unguja

Utangulizi

Katika matumizi ya wenyeji wa Unguja, "mjini" ni Mji Mkongwe na Ng'ambo yake, na kwingine kote ni "shamba", hata pakiwa ufukweni pasipoota kitu. Mgawanyo huu umeacha alama kubwa katika uchapaji. Kiunguja kilichoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu kilikuwa kile cha mjini, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia tahajia na sarufi yake vitabuni. Kikae cha Makunduchi na Kitumbatu cha kaskazini vilibaki nje, ilhali vinasemwa palepale, katika eneo la visiwa lisilofikia kilomita 100 kwa urefu.

Kwa hiyo anayetaka kujenga maisha ya kazi katika magazeti au vitabu kwa nia ya kuzitetea sauti zilizosahauliwa huko Unguja hakabiliwi na suala la fedha na karatasi tu. Hana budi kuamua sauti hizo zichapwe kwa lugha gani. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kupitia kazi za watu wanne.

Mhariri mzaliwa wa Makunduchi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Baada ya kuhudumu miaka kumi katika idara ya afya, mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari akiwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu 1968 aliliongoza gazeti la Mkulima. Katikati ya shughuli hizo riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957/58, ikachapwa na East African Literature Bureau mwaka 1960.

Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa mtu wa shamba aliyefika katika kiti cha mhariri. Hata hivyo, lugha iliyompa umaarufu ni Kiunguja cha mjini, tena chenye ufasaha ambao wengi wameuiga bila kuufikia. Lawama haimstahiki, kwani vyombo vilivyochapa vitabu zama hizo vilidai Sanifu. Lakini kazi yake inadhihirisha kwamba kumwinua mtu si lazima kuwe kuiinua lugha yake. Jina lenyewe la Mkulima linamtaja mlengwa. Na kulengwa na gazeti si sawa na kusema ndani yake.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba asiyejua kusoma, alipita njia nyingine. Mwaka 1928, mwaka uleule wa mkutano wa Mombasa, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Santuri haina tahajia, wala haipiti mikononi mwa msahihishaji wa chapa. Pengine ndiyo maana sauti ya mwanamke wa shamba iliwafikia wasikilizaji wa pwani nzima kabla kalamu haijafikiria kumwandika.

Orodha ya maneno na masimulizi

Wanaisimu nao walizishughulikia lahaja hizi, kwa namna yao. Msamiati wa Kikae uliokusanywa na Haji Chum ulitoka katika jarida la Swahili mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukihaririwa na H. E. Lambert, na mwaka 1994 msamiati wake wa pekee wa Kikae ukachapwa Uppsala. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Hii ni hazina isiyo na shaka. Lakini kamusi humgeuza msemaji kuwa ushahidi. Hutoa neno lake bila kutoa alilotaka kulisema.

Aidha, kamusi huificha sehemu ya lahaja iliyo hai kuliko zote. Katika vitenzi vingi vya Kikae, mtu asimuliapo jambo lililokwisha kutendeka, irabu ya mwisho hufuata irabu ya mzizi, na nafsi ya tatu umoja huchukua ka-: pale mjini wasemapo "amepika", Makunduchi husemwa "kapiki". Umbo kama hili halina kidahizo chake. Makao yake ni katika kisa. Mhariri anayelirudisha kwenye -me- kwa kudhani anasahihisha kosa hajasahihisha chochote. Ameiondoa sarufi nzima ya usimulizi. Inashangaza kwamba magazeti huandika "Mwaka Kogwa" bila wasiwasi kila sherehe hiyo ifikapo mwezi Julai, na kumbe "kogwa" ni umbo la aina hiyohiyo ya usemi unaofutwa katika kurasa nyingine.

Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki 2021, alikuwa mtu wa uvuvi na bahari, na elimu yake ilikuwa ya chuo cha Kurani. Diwani yake Kimbunga: Tungo za Visiwani ilichapwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1994, nyingine, Shuwari, ikatoka 2019. Alikusanya pia kamusi ya Kitumbatu. Hoja kwamba maneno ya kisiwani hupunguza wasomaji wa bara inadhoofishwa na Kimbunga yenyewe, iliyochapwa barani na kusomwa huko.

Kinachobaki ni utaratibu wa kazi. Tahajia ya kisa cha Kikae yafaa iamuliwe pamoja na msimulizi kabla ya mswada kwenda kiwandani, si baada ya msahihishaji kuupitia. Vitenzi viachwe vilivyo na sherehe iwekwe mwisho wa kitabu, kama tunavyofanyiwa wasomaji wa tenzi za kale bila kunung'unika. Na jina la msimulizi likae jaladani. Mkusanyaji atajwe ndani.