Karatasi ya Damu Ina Habari Gani?

Akina mama wengi tumewahi kuipokea ile karatasi ya maabara yenye safu za tarakimu, tukaikunja na kumpelekea daktari bila kuelewa hata mstari mmoja. Tukiambiwa damu inatosha, tunaridhika. Lakini mgonjwa akiwa na saratani ya figo au ya kibofu cha mkojo, kuna mistari mingine inayotazamwa kwa makini, nayo ni ile ya chembe nyeupe.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Tukijikata kwa kisu jikoni, kidole huvimba, huwa chekundu na hupata moto: askari wamefika. Wataalamu huita hali hiyo mcharuko. Mwaka 1863 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alieleza kwamba aliona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani, akahisi mambo hayo mawili yana uhusiano. Siku hizi inajulikana kwamba saratani huweza kuwageuza baadhi ya askari hao wakaisaidia kukua.

Askari wenyewe ni wa aina kadhaa. Nyutrofili hukimbilia haraka palipo na jeraha au vijidudu. Limfosaiti ndizo zenye kazi ya kutambua seli zilizoharibika, zikiwamo za saratani, na kuziua. Daktari hugawanya idadi ya kwanza kwa ya pili. Mwenye nyutrofili 6,000 na limfosaiti 1,500 hupata 4. Katika tafiti nyingi za saratani ya kibofu, wagonjwa waliokuwa na jibu kubwa kabla ya upasuaji hawakuendelea vizuri kama wale wenye jibu dogo. Kwa figo jambo hili limefika mbali zaidi. Tangu 2009 madaktari wana mambo sita ya kukadiria mwendo wa saratani ya figo iliyosambaa, na mawili kati yake ni wingi wa nyutrofili na wingi wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Hapa ndipo tunapoomba utulivu. Hesabu hiyo haisemi nani ana saratani. Mimba hupandisha nyutrofili. Vivyo hivyo vidonge vya prednisolone, maambukizi ya mkojo, hata upasuaji wa juzi. Tena watafiti hawajakubaliana mpaka uwe wapi: wengine husema 2.5, wengine 3. Na Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa urithi tu, wakiwa wazima kabisa, hivyo mipaka iliyowekwa kwa kupima watu wa Ulaya huenda isitufae. Basi jirani akizikokotoa tarakimu za mumeo na kutikisa kichwa, usikose usingizi. Daktari huzipima pamoja na ukubwa wa uvimbe, jinsi ulivyopenya ukuta wa kibofu, na nguvu za mgonjwa mwenyewe.

Kinachotusumbua sisi zaidi ni yale yanayotangulia karatasi. Saratani ya kibofu huwapata wanaume zaidi, na sigara ni chanzo chake kikubwa. Kichocho nacho kimo: mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikitangaza kuwa kisababishi cha saratani hiyo. Baba anayekojoa damu huficha. Na sisi wanawake je? Tukiona damu tunadhani ni hedhi, au tunapewa dawa za maambukizi ya mkojo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na miezi inapita. Hiyo ni sababu mojawapo ya wanawake wengi kugunduliwa ugonjwa ukiwa umeshapenya ndani. Damu isiyo na maumivu isikupumbaze, na ikikatika yenyewe haina maana kwamba umepona.

Omba mkojo upimwe. Ukimaliza dawa, upimwe tena. Damu ikiwa bado imo, au ikiwa umekwisha koma hedhi na bado unaona tone kwenye nguo, uliza kuhusu ultrasaundi na kile kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni. Wengi hukiogopa kwa kukisikia tu. Mara nyingi huchukua dakika chache, hutiwa dawa ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile.